Mnara Uliorukuu

Tarehe kumi na mbili Februari mwaka huu nilimpoteza dada yangu Zuwena, na pamoja naye nikaona nimeipoteza safari yetu ya Toskana, kule Italia, tuliyoanza kuipanga mimi nna miaka minane na yeye kumi na moja.

Enzi zetu hizo, hapa Maskati, safari ilikuwa kitu cha kupangwa tu. Tulikuwa wageni kutoka Unguja: nyumbani Kiswahili, skuli Kiarabu ambacho bado kilitukwama kooni. Baba alikuwa karani wa ghala, na mwaka mmoja akarudi na kalenda aliyopewa na mabaharia wa Kitaliana. Kila mwezi na picha yake ya Toskana: vilima vya mizabibu, miti mirefu myembamba imejipanga njiani kama watu waliosimama safu, miji ya mawe juu ya milima. Jua likiwaka, Mama alimwagia maji sakafu ya saruji, nasi tukalala pale kwa matumbo, tunatafuna mandazi ya asubuhi na kubishana wapi tutafikia. Zuwena alitaka kasri. Mimi nilitaka karibu na mto, kwa sababu ya joto.

Mwaka ulipokwisha tuliichana kalenda tukajalidia madaftari, ndivyo ilivyokuwa desturi. Zuwena akachukua picha ya mnara wa Pisa, mweupe, umelalia upande. Sisi mnara tuliujua wa msikiti tu, kwa hiyo hatukuwa na shaka: ule uko ndani ya sala, umerukuu, na ukimaliza tasbihi zake utainuka. Mwalimu wetu wa Kimisri alipouliza ile ni picha gani, Zuwena akamjibu hivyohivyo. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaeleza kuwa ni mnara wa kengele za kanisa, umeinama kwa kuwa ardhi yake laini. Dada alirudi analia. Mama alikuwa akikanda unga, wala hakusita.

"Wa kengele na uwe wa kengele," alisema. "Umeinama kwa adabu, kuliko nyinyi."

Tangu hapo yakawa maneno yetu. Mmoja akiuliza, "Umeinuka?" mwengine hujibu, "Bado." Tuliolewa, yeye akahamia Qurayyat, mimi nikabaki Al Khuwair, na kila siku saa moja asubuhi simu ililia kwa swali hilo. Lakini kwenda, hatukwenda. Kulikuwa na watoto, kisha wazee wa kuuguza, kisha wajukuu. Mwaka jana tukasema sasa basi, Septemba ya mwaka huu twende, tukatoa pasipoti. Akaugua. Mara ya mwisho aliniuliza akiwa kitandani, sauti haitoki vizuri. Nilimjibu.

Baada ya hitma sikutaka kulisikia jina la Italia. Pasipoti niliificha chini ya mashuka. Ijumaa iliyopita akaja Maryam, binti yake, anayefanya kazi wizarani, akasema safari ya Septemba iko palepale na atakwenda nami yeye. Nikamwambia watu watasema nini, kaburi la dada halijakauka. Ukweli haukuwa watu. Niliogopa kusimama mbele ya ule mnara na kukosa wa kuniuliza. Hilo sikumwambia.

Akatoa simu yake. Vijana wa siku hizi husafiri kabla hawajaondoka: alinionesha chumba, kitanda, dirisha, hata mtu anayepanda ngazi za mnara mpaka juu. Nikamwambia azime, atanimalizia safari. Sisi picha kumi na mbili zilitutosha mwaka mzima. Yeye alishaona mia kabla chai haijapoa, na bado anapiga miayo. Lakini alipotaja shamba la mizeituni lenye vyumba vya wageni, na treni inayokata vilima mpaka Siena, na kwamba Septemba zabibu huvunwa, nilijikuta navaa miwani. Nikauliza kama mto uko karibu. Nikasema tuwachukulie wenye shamba halwa. Tulipanga mpaka Alasiri, moyo unanidunda kama wa mtoto anayengojea Idi. Niliona haya kwa furaha ile, nayo haikuondoka.

Tulipofikia Pisa katika kupanga kwetu, Maryam akataka kuiruka, eti kuna watu wengi. Ndipo nilipomsimulia habari ya jalada la daftari. Akaiweka simu chini.

"Mimi umri wangu wote nikidhani Mama anakuuliza kama umeinuka kitandani," alisema. "Nikisema moyoni, khalti huyu, mama yangu mdogo, ana usingizi gani, kila siku anajibu bado."

Nilicheka mpaka nikalia, kwa mara ya kwanza tangu Februari. Hata hivyo aliondoka sijampa jibu. Zamani tulikuwa na safari bila tiketi. Sasa tiketi si tabu, na niliyekuwa niende naye hayupo.

Jana, saa moja asubuhi, simu ililia. Nilikuwa jikoni, chai nimeshaimimina. Tangu Februari hakuna aliyenipigia saa hiyo.

"Khalti," alisema Maryam, "umeinuka?"

Nilikaa kwanza.

"Bado," nikamjibu.

Akasema basi nitoe pasipoti, atanipitia saa nne twende kwenye viza. Nikaenda kuitoa chini ya mashuka.