Jina Lililotemewa Mate

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Mbotela, kulikuwa na jina tulilokatazwa kulitaja nyumbani. Lilikuwa la Wafula, jirani yetu wa mlango wa tatu, rafiki wa baba tangu utoto wao huko Bungoma. Wafula alijitoa uhai. Leo naweza kusema hivyo; wakati ule watu wazima walisema tu "amepotea", kisha wakabadilisha mazungumzo. Alizikwa upesi, bila matanga, na hakuna aliyeruhusiwa kumlilia.

Sharti lilitoka kwa Kukhu, mama mzazi wa baba, aliyekuwa akiishi nasi. "Mkimtaja ataitika," alituonya. "Na akiitika, haondoki peke yake." Jina likikuponyoka, ulitema mate upande wa kushoto papo hapo. Sisi watoto tulitema kwa bidii, hata tukipita tu mlangoni pa Wafula, mpaka muuza mboga za sukuma wa hapo akawa anatufukuza kwa ufagio.

Jumamosi moja mchana nilimkuta baba karibu na mfereji wa maji, ameketi juu ya ndoo aliyoipindua. Wiki nzima hakuwa ameenda kazini, wala chakula hakukigusa. Alikuwa akisema polepole, "Wafula. Ningoje basi, Wafula. Hata mimi nimechoka."

Hakutema.

Nikatema mimi kwa niaba yake. Nikatema tena na tena, mpaka mdomo ukanikauka, na bado alikuwa akimwita. Niliamini kwamba mate yakiniishia, baba naye ameniishia. Nikakimbilia ndani.

"Kukhu! Baba anamtaja! Anamwambia amngoje!"

Nilidhani atamgombeza. Aliacha mboga alizokuwa akichambua, akatoka bila viatu, akaketi kwenye saruji kando ya mwanawe. Halafu akalitaja jina yeye mwenyewe.

"Wafula amekula kwangu tangu hajang'oa jino. Na sikumlilia. Wewe ulimlilia wapi?"

"Mwanaume analilia wapi, Mama?"

"Hapa."

Baba akalia. Sikuwahi kuisikia sauti ile, na ilinitisha kuliko jina lenyewe. Jumatatu Kukhu alimpeleka kliniki, na kwa miezi kadhaa aliendelea kumsindikiza, akimngoja kwenye benchi la nje huku akifuma. Mimi niliendelea kutema kila walipotoka, kwa usalama tu.

Mwaka jana mawazo kama yale ya baba yalinijia mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili. Kwa siku nyingi niliogopa kumwambia mtu, kana kwamba nikiyataja yataitika. Cha ajabu ni kwamba nililishika onyo la Kukhu kuliko nilivyoshika alichofanya pale mferejini. Mwishowe nilimpigia baba simu.

"Baba, nina mawazo ya kufa."

Nilisikia akivuta pumzi. "Uko wapi saa hii? Kaa hapo hapo. Nakuja."

Alikuja, akaketi sakafuni kando yangu, na kesho yake tukaenda kliniki pamoja.

Sijui kama wafu huitika wakitajwa. Ninachojua ni kwamba Wafula alipokuwa hai, hakuna aliyemwita akamuuliza anaendeleaje. Mimi bado naonana na mshauri kila Alhamisi. Nikitoka namkuta baba kwenye benchi la nje. Hajui kufuma, kwa hivyo anashika gazeti, na ni lile lile la wiki iliyopita.