Banda la Mlangoni kwa Mwalimu

Kiwanda cha chai kilipopata mmiliki mpya, miaka ile ya ubinafsishaji, lori la majani lilipunguziwa mafuta. Mabanda ya kupimia chai yalikuwa kumi na moja. Sasa ikaamriwa yabaki sita tu, na kila shamba liwe karibu na banda. Yapi yafungwe? Wakulima wa Ikuti wakamtwika kazi hiyo mwalimu Andongwisye, mstaafu wa hisabati.

Jamani, upweke wa mzee yule! Mke alishafariki, watoto wako Dar es Salaam. Chai hakulima, alikuwa na migomba tu. Kilichomchangamsha ni banda lililokuwa mbele ya mlango wake. Wachumaji walitua vikapu, wakala ndizi zake za kuchemsha, wakamtania mpaka lori lije.

Akachora mashamba sakafuni kwa chaki, akaweka punje za maharage penye mabanda. Akiondoa punje hii, shamba lile linabaki mbali, akiirudisha, zimezidi. Meshaki, mwenyekiti wao, alipopita akashauri, "Si tufungue nusu banda huku, nusu kule?"

"Na mzani tuupasue? Banda lipo au halipo, bwana."

Hapo ndipo palipouma. Akiiacha punje ya mlangoni kwake, lazima ziwe saba. Akiitoa, sita zinatosha. Alihangaika wiki nzima akitafuta sita nyingine zenye banda lake, wapi! Mkuki kwa nguruwe, ndugu yangu. Angeweza kudanganya, nani angekagua? Lakini shamba la Ikupa, mjane wa bondeni, lingeachwa mbali, naye mgongo ulikuwa unamsumbua.

Jumapili baada ya ibada akayataja mabanda sita. La kwake halikuwemo. Wakampigia makofi, na kesho yake mzani ukahamishwa.

Asubuhi iliyofuata akachemsha sufuria kubwa kwa mazoea. Hakupita mtu. Ukimya ule ukamtisha kweli. Akafunga ndizi kwenye jani la mgomba, akateremka polepole na fimbo yake mpaka banda la bondeni. Lori lilikwishaondoka, Ikupa tu ndiye aliyekuwa bado anapumzika.

"Mwalimu! Umetoka kote huko? Kwani hesabu yako haikukuwekea banda karibu?"

"Nilihesabu mashamba ya chai, mama," akasema, akimfungulia ndizi zilizokwisha kupoa. "Mimi sina."