Transista Niliyoinyoosha

Kanisani kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, anayepata safari ya kwenda kuishi ng'ambo hupewa Jumapili yake ya mwisho. Huchagua wimbo, husimama mbele, na hata kama sauti yake ni mbaya sote tunanyamaza tumsikilize. Mpiga gitaa wetu alipata yake mwaka jana. Yeye hakuwa mwimbaji. Alisema ataagana kwa gitaa tu, bila maneno. Wiki hiyohiyo amplifaya ya kwaya, kuukuu kuliko mimi, ikakata sauti.

Nilijitolea kuitengeneza. Ufundi nilijifundisha kwa video za simu na kwa redio mbovu za majirani, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu, huwa naogopa kwamba siku moja watu watagundua sijui kitu. Nilipima, nikakuta transista moja, ile inayosukuma sauti kwenye spika, imeungua. Ijumaa nikapanda teksi hadi Mbarara.

Muuza vipuri alinitolea moja iliyofungwa kwenye nailoni.

"Hii ni orijino, ssebo. Ona namba."

"Namba hata mimi naweza kuandika."

"Basi enda andika, utakuja kuniuzia mimi."

Nilicheka, nikanunua moja tu. Nilikuwa na hakika.

Jumamosi mchana, kanisa likiwa tupu, niliifunga. Mpiga gitaa alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri. Nilipowasha akapiga kidogo, na sauti ikawafikia wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi nje. Mmoja akaitikia wimbo. Lakini chini ya sauti ile kulikuwa na mvumo mdogo.

"Inavuma, papa," nilisema, kama tunavyowaita wazee wetu.

"Hata mimi nikilala ninavuma. Bibi yangu alishazoea."

"Nipe saa moja tu."

"Kijana yangu, inalia muzuri. Iache hivyo. Kesho batu ni mingi, nani atasikia hiyo?"

Aliondoka kwenda kufunga mizigo, nami nikaifungua tena. Chanzo cha mvumo sikukiona, ila niliona transista yangu imekaa upande kidogo juu ya bati la kupozea. Haikuwa na madhara yoyote. Lakini nilimfikiria fundi wa kweli akiifungua siku moja na kukuta kazi iliyopinda, nikashika bisibisi. Niliilegeza, nikapangusa bati kwa kitambaa hadi likang'aa, nikaikaza ikiwa imenyooka kabisa. Kati ya transista na bati hukaa kijikaratasi chembamba kinachopitisha joto na kuzuia umeme. Kilikuwa kimenata kwenye kitambaa. Nilikiona baada ya kuwasha, baada ya mlio mfupi na harufu ya kuungua.

Kwenda Mbarara na kurudi kabla ya ibada haikuwezekana tena. Nilimfuata mpiga gitaa nyumbani kwake. Alikuwa amepiga magoti juu ya begi, akivuta zipu. Njiani nilikuwa nimeamua kusema kweli. Mlangoni nikasema, "Umeme umeruka, papa, ukaichoma amplifaya."

Alimalizia kuvuta zipu.

"Hii umeme ya hapa," alisema. "Si kosa yako."

Kesho yake alipiga bila amplifaya. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilikuwa benchi la tatu. Niliona vidole vyake vikitembea na sikusikia chochote. Watu waliinama mbele, wengine wameweka viganja nyuma ya masikio. Alipomaliza aliwaomba wanipigie makofi, kwa kuwa nimehangaika sana na mashine ya kanisa. Makofi hayo niliyasikia vizuri.

Jumatatu basi lilimchukua. Wiki iliyofuata nilinunua transista mbili. Amplifaya inafanya kazi mpaka leo, na bado inavuma, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Yeye hunitumia ujumbe wa sauti, anasimulia baridi ya huko, anauliza habari za kwaya. Mara nyingi nimejirekodi nikimweleza kuhusu kile kitambaa. Nikijisikiliza naona nimejitetea mno, au nimeomba radhi kama mtu anayesoma barua ya mwingine, nafuta. Juzi aliniuliza kama umeme wetu ungali unaruka. Nilimjibu kwamba siku hizi ni afadhali.