Delfina na Watu wa Ukutani

Jambo la kwanza ambalo mtu aliligundua kwa Delfina Bettencourt ni kwamba hakai. Nyumbani kwao Hilmar, mji mdogo wa wafugaji, kila Jumapili baada ya misa, meza ya bibi yake ilizungukwa na ndugu wengi kuliko viti, na Delfina alikuwa wa kwanza kuinuka kila mlango ulipofunguliwa. Alikula akiwa ameegemea jokofu, sahani ya soseji na mkate mtamu mkononi, akicheka na kila mtu. Hakuna aliyemlazimisha. Ndivyo alivyolelewa. Mjomba wake Gilberto alizoea kusema kwamba siku binti huyu akiolewa, itabidi bwana harusi amfunge kamba kwenye kiti.

Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alfajiri alilisha ndama katika zizi la mjomba, kisha akabadili viatu na kwenda kusoma katika chuo cha wilaya, kile cha miaka miwili ambacho hakimfungii mtu mlango: mama aliyeacha shule zamani, askari aliyerudi nyumbani, kijana ambaye bado hajui anataka nini. Delfina alijua anachotaka. Alitaka kuwa mhandisi wa maji. Alikuwa ameona visima vya majirani vikikauka kimoja baada ya kingine, na mifereji iliyochimbwa na watu ambao inaonekana hawakuwahi kumwuliza mkulima chochote. Mhandisi wa namna hiyo alihitaji shahada kamili, na chuo alichokitamani kilikuwa Halloran, chuo kikuu cha binafsi kule karibu na pwani, chenye majengo ya mawe na mlango mwembamba sana.

Halloran ilipokea wachache tu kila mwaka kutoka vyuo vya miaka miwili, wakaingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Kwa anayetaka uhandisi kulikuwa na sharti lisilo na mjadala: awe amesoma Fizikia ya pili, sehemu ya juu ya somo hilo, kabla ya majira ya kiangazi. Katika chuo cha wilaya somo hilo lilifundishwa mara moja kwa mwaka, na mwalimu mmoja, katika maabara moja. Ukilikosa, unangoja mwaka mzima. Delfina alikuwa amekwisha kuahirisha mara mbili: mara ya kwanza bibi alipovunjika nyonga, na mara ya pili mama yake alipokuwa mgonjwa. Safari hii alijisajili mapema, tangu Novemba, na nafasi akaipata.

Sasa, juma la kwanza la muhula katika chuo hicho lina desturi yake. Madarasa hujaa, na waliokosa nafasi huja hivyo hivyo, wakajipanga kando ya ukuta na mabegi yao mgongoni, wakiomba kimoyomoyo kwamba mtu akate tamaa aondoke. Huitwa watu wa ukutani. Huandika wakiwa wamesimama, na hulijua somo kuliko wengi walioketi, kwa kuwa hawana kiti cha kusinzilia.

Siku ya kwanza ya Fizikia, Delfina alifika mapema na kuketi mstari wa mbele. Dakika chache baadaye aliingia mzee mmoja mkubwa wa mwili, Lyle Hendershot, dereva wa malori aliyestaafu, akichechemea kwa goti lililovimba. Akatazama huku na huku, kisha akauegemea ukuta akiuma meno. Delfina aliinuka bila hata kufikiri. Mzee akashukuru, akaketi, na Delfina akaenda kusimama ukutani kama alivyosimama maisha yake yote.

Profesa Krogh, mwalimu wa somo hilo, hakuwa mtu wa kuita majina. Alipita safu kwa safu, akimtaka kila aliyeketi ajitaje. Kabla ya kuanza aliwageukia watu wa ukutani na kuwaambia, kwa mzaha wake mkavu, kwamba siku hiyo hataki kusikia sauti zao. Delfina akanyamaza kama wengine. Alijiambia atamfuata kipindi kikiisha. Kipindi kilipoisha mwalimu alizungukwa kama nyuki wanavyozunguka ua, na zizini ndama walikuwa wanangoja chupa za mchana. Akaondoka.

Jioni simu yake ilimpa habari. Aliyesajiliwa lakini hakuonekana kitini alikuwa amefutwa, na nafasi yake amepewa wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri, ambaye ni Lyle Hendershot.

Bibi Odília alikuwa jikoni akikanda unga. Alimsikiliza mjukuu wake mpaka mwisho bila kuacha kukanda.

“Ulimpa mtu kiti,” akasema, “mtu akachukua kiti. Sasa unamlilia nani?”

“Bibi, sikujua kwamba anachukua na somo.”

“Basi kamwambie.”

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kesho yake Delfina alikwenda ofisini kwa Profesa Krogh, na hata huko maneno yalimtoka nusu nusu. Profesa alisikia tu kwamba alikuwa ukutani. Akamwuliza mtu aliyesajiliwa anafanya nini ukutani, na Delfina, aliyeona vibaya kumtaja mzee wa watu kana kwamba anamshitaki, akarudia tu kwamba alikuwepo. Profesa alieleza kwamba maabara ina idadi yake ya watu, na watu wa zimamoto walikwisha kumwonya. Akamwambia anaweza kuendelea kusimama, asubiri siku ya ufagio.

Ufagio ulikuwa jaribio. Kila mwaka, siku ya mwisho ambayo mwanafunzi aliweza kuacha somo na kurudishiwa ada yake, Krogh alitoa jaribio gumu la makusudi, ili waliokuja kubahatisha waondoke wenyewe. Wanafunzi waliuogopa ufagio. Watu wa ukutani waliungoja kama mkulima anavyongoja mvua.

Kwa hiyo Delfina alisimama wiki mbili. Pembeni yake alisimama Navdeep, kijana wa Kipunjabi ambaye baba yake alikuwa na shamba la lozi, na ambaye sasa alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Walizoeana haraka. Navdeep alimtania kwamba ananuka maziwa, naye akamjibu kwamba afadhali maziwa kuliko dawa ya wadudu. Mbele yao Mzee Lyle aliandika kwa mwandiko mkubwa, na mara mbili aligeuka kumwazima Delfina raba, bila kujua lolote. Kila jioni bibi aliuliza swali lilelile: umeshasema? Na kila jioni Delfina alisema atasema kesho.

Siku ya ufagio darasa lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Ijumaa Kuu. Watu wa ukutani nao walipewa karatasi. Delfina alifanya jaribio juu ya begi lake, akaliona gumu lakini si geni. Katikati ya saa, kijana mmoja wa safu ya nyuma alikunja karatasi, akavaa kofia yake, na kutangaza bila hasira kwamba yeye anakwenda kusoma uchoraji. Mlango ukafungwa nyuma yake. Walisubiri wengine waondoke. Hakuondoka mtu.

“Nafasi moja,” Krogh akasema alipokwisha kukusanya karatasi. “Nani wa kwanza?”

Navdeep akainua mkono.

Kwa Delfina kila kitu mwilini kilimwambia ampishe. Ilikuwa haki ya Navdeep, orodha ilisema hivyo, na Navdeep alikuwa mtu mzuri. Delfina alihisi tabasamu lake la Jumapili likianza kujichora lenyewe usoni. Kisha akafikiria mwaka mwingine mzima, na baada ya huo mwingine, na siku zote mtu fulani mwenye sababu nzuri akiingia mlangoni. Akasogea mbele.

“Profesa, kabla hujampa, nina neno. Nafasi hiyo ni yangu.”

Darasa zima likageuka. Akaendelea hadi mwisho. “Nilisajiliwa tangu Novemba. Siku ya kwanza nilikuwepo, niliketi palepale mbele. Nikampa kiti mzee huyu kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua. Sikuacha somo. Niliacha kiti tu.”

Mzee Lyle aligeuza kiti chote pamoja na mwili wake. “Kumbe hiki kilikuwa chako?”

“Ndiyo, mzee.”

“Wiki mbili umesimama hapo unanipumulia kisogoni, na husemi?”

“Nilidhani ningekuaibisha.”

“Binti, mimi nimeendesha lori miaka thelathini. Nimepigiwa honi na kila aina ya mtu, na wala sikufa kwa aibu. Ungepiga honi.”

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikamshusha Delfina mabega. Mzee alimwambia profesa kwamba kila neno ni kweli, na kwamba kama kuna wa kutoka atatoka yeye. Krogh akamwashiria atulie. Alifuta ubao polepole, ingawa haukuwa na kitu cha kufutwa.

“Na mimi kosa ninalo,” akasema hatimaye. “Nilihesabu makalio badala ya kuhesabu watu. Bettencourt, kaa kule nyuma. Nafasi ni yako.”

“Na mimi je?” Navdeep akauliza.

Krogh alimwuliza anahama lini kwenda chuo kikuu. Navdeep akakiri kwamba ni mwakani, si mwaka huu. Basi angekuwa wa kwanza somo litakapofundishwa tena mwakani, profesa akasema, na hilo aliliahidi mbele ya mashahidi wote.

Delfina alimtazama Navdeep. Hata sasa ulimi wake ulikuwa tayari kukirudisha kiti.

“Samahani, Navi. Nakihitaji.”

“Najua,” Navdeep akasema, uso umemkunjamana. “Nimekasirika, lakini najua. Nenda ukakae, kabla hujampa mtu mwingine kiti.”

Akaenda akakaa. Alisema baadaye kwamba hajawahi kukalia kitu kitamu kama kile kiti cha plastiki chenye ufa. Aliporudi nyumbani, bibi alimwona tu usoni na hakuuliza swali lake. Akamkatia mkate.

Mengine yalikwenda kama maji yaliyopata mfereji. Maombi ya Halloran yaliondoka kwa wakati, na Krogh, aliyejulikana kwa ubahili wa sifa, alimwandikia barua nzuri. Mwezi wa Mei, Delfina akiwa anaosha chupa za ndama, simu ilimjulisha kwamba amekubaliwa, kwamba masomo yake yote yamehesabiwa, Fizikia ikiwemo, na kwamba chuo kitamlipia sehemu kubwa ya ada. Alifunga bomba, akapumua mpaka chini kabisa ya kifua, pumzi ambayo alikuwa ameizuia tangu Januari. Mama yake alijifungia bafuni akalia huku maji yakimwagika ili asisikike, na nyumba nzima ikamsikia. Bibi aliuliza kama kule kuna kanisa na kama watu wa kule hula. Mjomba Gilberto alisema tu kwamba tangu Machi yeye alikwisha kutafuta mlishaji mwingine wa ndama.

“Ulijuaje, mjomba?”

“Sikujua. Lakini ulianza kunijibu, nikaona huyu anaondoka.”

Sasa ni Agosti, na zimebaki siku mbili. Mjomba ameosha gari la mizigo mara ya tatu na bado linanuka ng'ombe. Jana alipiga simu Ximena, msichana wa Bakersfield ambaye naye anatoka chuo cha miaka miwili, na ambaye watalala naye chumba kimoja. Alitaka kujua kama Delfina anakoroma.

“Sijui,” Delfina akamjibu. “Nimelala chumba kimoja na bibi yangu miaka kumi. Yeye hukoroma, mimi sijawahi kupata zamu.”

Ximena alicheka sana. Kisha akasema amesikia kwamba vitanda viko viwili, na kimoja tu kiko dirishani, kinachotazama bustani. Milango ya bweni inafunguliwa Jumamosi saa mbili asubuhi. Akauliza wafanyeje.

“Atakayetangulia,” Delfina akasema. “Na mimi, dada, nimezoea kuamka na ndama.”

Alipokata simu alikwenda uani kumwuliza mjomba kama gari lina mafuta. Lilikuwa nayo. Akauliza tena kama wanaweza kuondoka saa kumi alfajiri badala ya kumi na moja, na mjomba akasema sawa, na Delfina akarudi ndani kufungua begi lake na kulifunga upya, akihesabu saa zilizobaki hadi Jumamosi.