Kukhu Aliulizwa Umri, Akapewa Sufuria

Nilirudi nyumbani na samaki mkononi, nikamkuta mama mkwe wangu ameinama kwenye karai nje, anasugua sufuria ya ugali.

Mbele yake, juu ya kiti, amekaa binti yangu Winny. Ana miaka mitano. Miguu yake haifiki chini.

"Kukhu, hapo nyuma bado kuna masizi."

"Wapi, mama?"

"Hapo. Sugua tena."

Na mama mkwe akasugua tena.

Majirani wote wa ploti walikuwa nje. Wengine walikuwa wametoka na viti vyao kabisa.

Kama umeolewa huku kwetu magharibi, najua umeshika kichwa. Mama ya bwana haji kwako kuosha sufuria. Anakuja kuletewa chai. Akikohoa, unauliza kama chai ni moto sana.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtu wa watu. Nyumba yetu hapa Nyalenda ni vyumba viwili, lakini siku yoyote ukiingia utapata mtu anakula. Napenda hivyo. Nyumba bila kelele inanipa homa.

Kuna Waliaula, binamu ya mume wangu. Alikuja kwa wiki moja kutafuta kazi. Hiyo wiki bado haijaisha.

Kuna jirani yangu Selpha, ambaye huingia bila kubisha na hutoka akiwa na habari.

Halafu kuna watoto wangu watatu. Terry ana kumi na moja, Mathews ana nane, na huyo Winny. Kusema ukweli, hawakuwa wanafanya kazi yoyote. Mimi ndiye nilikuwa naosha, nafagia, napika, naokota soksi. Nilikuwa naona ni haraka kufanya mwenyewe kuliko kubishana.

Sasa mtu akapeleka hiyo udaku Bungoma.

Simu ikaingia. Mama mkwe, ambaye watoto wanamwita Kukhu, maana yake nyanya, hakunisalimia hata.

"Mama Terry, nimesikia wajukuu wangu wanakaa kama mayai kwa trei."

"Hapana, Mama. Wanafanya kazi."

"Nitakuja nione. Nikikuta ni uongo, huyo mdogo narudi naye."

Winny. Kitinda mimba wangu.

Akaja kweli. Na begi kubwa, ile ya mistari ya kusafiria. Wechuli, mume wangu, alitaka kuibeba, akakatazwa. Kukhu akaiweka nyuma ya mlango mwenyewe, akasema mtu asiiguse. Mimi nikajua hapo ndipo nguo za mtoto wangu zitaingia.

Hapo ndipo nikakumbuka kulikuwa na mama fulani alitufundisha kanisani mambo ya kazi za watoto. Siku hiyo nilikuwa naongea na Selpha kwa kiti cha nyuma, lakini kuna vitu vilipenya. Kwamba mtoto wa miaka mitano anaweza kupanga viatu na kukunja soksi. Wa nane aoshe vikombe, afagie. Wa kumi na moja anaweza kupika chai kama mtu mkubwa yuko karibu. Usimpe mtoto mzigo wa kumvunja, na usimwache bure.

Asubuhi, kabla Kukhu hajaamka, nikawapanga watoto jikoni kama wanajeshi.

"Hii nyumba kila mtu ana kazi kulingana na umri wake. Mdogo kazi ndogo, mkubwa kazi kubwa. Tumeelewana?"

"Ndiyo."

"Winny, wewe ni viatu. Ukimaliza, angalia kama kila mtu anafanya yake."

Ona hiyo sentensi ya mwisho. Mimi mwenyewe niliitoa kwa mdomo wangu.

Nikaenda soko la Kibuye kununua samaki. Nilitaka nirudi haraka, lakini yule mama wa samaki alikuwa na habari za mwalimu wa kwaya, na habari kama hiyo huwezi kuiacha katikati. Nilichelewa.

Ndio nikarudi nikakuta hayo mambo ya sufuria.

"Winny," nikasema polepole, maana macho ya ploti yalikuwa kwangu, "unafanya nini?"

"Naangalia kila mtu anafanya yake."

"Na Kukhu?"

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Mama, ulisema ni umri. Mimi niko na tano, nimepanga viatu. Mathews ako na nane, ameosha vikombe. Kukhu nimemuuliza, akasema ako na themanini."

Sasa hiyo hesabu unapinga vipi?

Nikageuka, nikamwona Waliaula anatoka kwa bomba la maji na mitungi miwili, shati limeloa jasho.

"Shemeji, huyu mtoto si mzuri," akasema akihema. "Nilimwambia niko na thelathini na mbili. Akasema basi mtungi moja haitoshi."

"Na bado hujajaza drum," Winny akamwambia.

Kwenye mlango wangu walikuwa wamekaa Selpha na Mathews, wanachambua njugu kwenye ungo.

"Na wewe Selpha?"

Selpha hakuinua kichwa. "Nilikuja kuomba chumvi tu."

"Aunty Selpha ako na ishirini na tano," Winny akatangaza. "Ndio nikampa kazi rahisi."

Ploti ilianguka kwa kicheko. Kuna mzee alishikilia ukuta. Selpha mtoto wake wa kwanza yuko chuo kikuu pale Bondo, mwaka wa tatu.

"Yawa, mniache," Selpha akasema. "Mtoto ameuliza kwa heshima, nikajibu."

Lakini mimi sikuwa na kicheko. Nilipiga magoti kando ya karai.

"Mama, nisamehe. Wacha hiyo sufuria. Nenda ukae."

Kukhu akainuka. Akapangusa mikono kwa leso. Akaniangalia.

"Nikae?"

"Ndiyo, Mama."

"Mama Terry, unajua mimi nakaa tangu lini?"

Akanyoosha kidole upande wa Bungoma.

"Pale nyumbani wake za vijana wangu hawataki niguse kitu. Nikishika jembe, 'Mama, pumzika.' Nikishika ufagio, 'Mama, utaumia.' Wameniweka kwa kiti kama picha ya ukutani. Bado kunitundika tu."

Akaenda nyuma ya mlango, akaivuta ile begi mpaka nje, akafungua zipu.

Nguo zake, zote. Gambuti za shambani. Na chini kabisa, jembe bila mpini.

"Mama, si ulisema unakuja kumchukua Winny?"

"Ningesema nakuja kutembea, wangeniachilia? Wangesema nimezeeka, gari itanichosha. Waliaula aliponipigia kwamba watoto wako wamelala tu, nikaona hiyo ndiyo njia."

Tukageuka wote kumtazama Waliaula. Mitungi ikatua chini yenyewe.

Kumbe chakula changu ndicho kilikuwa kinampa nguvu ya kupiga simu.

"Na Winny?" nikauliza.

"Nimpeleke Bungoma ndio hapa nani atanipa kazi?" Kukhu akarudi kwa karai. Halafu akaniegemea sikioni, akanong'ona, "Na usimwambie. Miaka yangu ni sabini na mbili. Niliongeza kidogo ndio anipe na kufua."

Selpha alisikia. Unajua Selpha. Kufikia mchana Nyalenda nzima ilikuwa inajua kuna bibi ameongeza miaka apate kazi, na mwingine amepunguza aikwepe.

Kukhu bado yuko kwangu. Sukuma wiki alizopanda kando ya choo zinashinda za soko. Terry anapika chai, yeye yuko karibu, wanapiga umbea. Waliaula naye, ambaye tulimtafutia kazi mpaka tukachoka, alipata yake mwenyewe kesho yake, Asembo Bay, kubeba makreti ya samaki.

Ndugu zangu mnaosoma, mpe mtoto kazi inayomtosha, hata kama atachelewa na utarudia kuifanya. Na mzee wako usimnyang'anye ufagio ukidhani unampenda. Mwachie kitu cha kufanya. Mtu anataka kujua kwamba asipokuwepo, nyumba itamkosa.

Ile jioni ya siku ya sufuria, Wechuli alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akajitupa kwa sofa. Winny akaenda akasimama mbele yake.

"Baba, uko na miaka ngapi?"

Wechuli alikuwa ameshapata habari njiani. Akakohoa. Akaangalia dari.

Sauti ya Kukhu ikatoka jikoni.

"Usimdanganye mtoto, Wechuli. Siku uliyozaliwa mimi nilikuwepo."