Grupu la watu mia saba, msibani hakuna wa kuchota maji

Wakuu, mlio wakubwa kwangu shikamooni. Wadogo marahaba, hata kama hamjanisalimu, najua vidole vyenu vinachoka.

Ninayoandika nimeyaona kwa macho haya. Anayebisha aje Kiranjeranje aulize kwa Mama Shabani, ataonyeshwa.

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na mbili, baba alifariki. Tulikuwa Likawage. Shule ikaishia darasa la nne. Tukabaki mama, wadogo zangu na jembe moja.

Tulikula kwa sababu mama hakuwahi kukosa msiba wa mtu, na wanawake wenzake walikumbuka. Shikeni hilo, litawafaa huko mbele.

Sasa twende.

Hapa kijijini Kiranjeranje kuna binti anaitwa Zainabu, mtoto wa Bi Somoe. Alikaa Dar miaka, akarudi na nyusi za kuchora na grupu la wanawake kwenye simu. Watu mia saba, eti. Wa Dar, wa Dodoma, mpaka Oman. Kila asubuhi anaandika, "Wapendwa, tuinuane."

Kuinuana! Haya.

Na sisi wa kijijini akatuingiza, tukafurahi. Lakini wengi wetu kuandika ni shida, tukawa tunatuma voisi. Yangu ilikuwa na jogoo anawika nyuma. Ya Bi Tumu, jirani yake Zainabu, ilikuwa na kikohozi, halafu salamu, halafu kikohozi tena.

Siku moja Zainabu akaandika: "Mama zangu, mnachafua grupu." Akatutoa wote, kama mtu anayepepeta pumba.

Kijiji hakisahau, kinanyamaza tu.

Haukupita muda Bi Somoe akafariki, alfajiri. Kwetu maiti hailali, ni kuzika alasiri ya siku hiyohiyo. Mwanamke anaoshwa na wanawake, maji yanachotwa kisimani, watu wanapikiwa. Hiyo kazi haina mtandao.

Nikafika. Uani kuna shangazi wawili wazee na pipa tupu. Zainabu kakaa mkekani, simu mkononi, ting, ting, ting.

"Watu wako wapi?" nikamuuliza.

"Wananipa pole, Mama Shabani. Zimeshafika mia mbili."

Nikachungulia. Mishumaa. Mikono ya kuomba. Mioyo iliyopasuka. "Pole dear." "Be strong mamii."

Nikamwambia, "Huyo dear mwambie alete ndoo."

Mtasema sina huruma. Semeni. Mama yake alikuwa ndani, anasubiri maji.

Nikaenda kwa Bi Tumu, maana yeye akitoka wote wanatoka. Nikamkuta anamenya mhogo kama hakuna kilichotokea.

"Bi Tumu, hujasikia msiba?"

"Nimesikia. Ila mimi si nachafua, mwenzangu? Nisije nikachafua na msiba wa watu."

"Kwani marehemu ndiye aliyekutoa? Bi Somoe hata simu hakuwa nayo."

Akatupia kisu kwenye ungo, akajifunga kanga, akabeba ndoo.

Adhuhuri haijafika, uani pamejaa. Wote walewale waliotolewa. Bi Tumu ndiye aliyeongoza kumwosha marehemu. Zainabu, sijui akili za wapi, akainua simu awapige picha waliokuwa jikoni.

"Weka simu chini, shika mwiko," Bi Tumu akamwambia.

Akashika.

Baada ya arobaini akataka kuturudisha kwenye grupu lake. Tukamwambia ahsante, tumeshaanzisha letu. Lina sheria moja: pakitokea msiba huandiki pole mpaka useme unakuja na nini. Kuni, maji, unga, au mikono yako. Ukituma mshumaa unafutwa, na wewe unafuatwa nyumbani.

Zainabu akaomba kuingia. Admini ni Bi Tumu. Akamjibu, "Omba kwa voisi."

Akatuma. Analia, anatuomba radhi mama zake, na nyuma yake jogoo anawika.

Tukamwingiza.

Funzo langu ni fupi. Ninyi mnaojisifia maelfu ya wafuasi, hesabuni ni wangapi wanajua kisima chenu kilipo. Wanaobaki ndio watu mnaowapigia kelele tu, na wao wanawapigia kelele.

Wa kutukana atukane, wa kuchangia achangie. Ila kila mmoja aanze kwa kutuambia mara ya mwisho alichota maji kwenye msiba wa nani. Nasubiri.

Na msije mkadhani naongea kwa njaa. Leo nina nyumba ya bati, shamba la mikorosho, mbuzi, mashine ya kusaga, simu yenye kioo kilichopasuka, na masufuria matatu makubwa ya msiba, ambayo kila mwanamke wa hapa anajua yalipo na hapigi hodi kuyachukua.