Tope Lililotoa Ushahidi

Miaka ya sitini, serikali ilipoanza kupima mashamba na kuyaandikisha, baba yangu alikuwa hatarini kupoteza lake. Pale kwetu karibu na Kendu Bay tuliitwa jodak, watu waliokaribishwa tu kwenye ardhi ya ukoo mwingine. Baba alikana katakata. Alishikilia kwamba babu yake alikuta msitu mtupu akaufyeka kwa mikono yake, na aliyefyeka msitu ndiye mwenye shamba.

Wakati huo nilikuwa mkalimani wa mtafiti Mzungu aliyekuwa akitoa tope kwenye ziwa dogo lililo chini ya boma letu. Alizamisha bomba refu, likapanda na tope lililonyooka kama muwa, la chini likiwa ndilo la kale zaidi. Ndani yake, alisema, mna chavua, ule unga wa maua, ambao hauozi mradi tope lisikauke. Akiutazama kwa hadubini hujua lini palikuwa na msitu na lini majembe yaliingia.

Niliruka kwa furaha. Mimi, msomi wa nyumba nzima, nikamwambia Baba tumepata shahidi asiyehongeka. Basi akakataa kipande ambacho wenye ardhi walikuwa tayari kumwachia.

"Wuoda, mwanangu," aliniambia, "kama ziwa litasema, kwa nini nile makombo?"

Mtafiti aliporudi na majibu nilimsihi aje barazani, akaja. Nilitafsiri mbele ya wazee wote. Msitu, alisema, ulitoweka kabla babu yake Baba hajazaliwa. Matabaka ya wakati wake yalijaa chavua ya nyasi na magugu ya mashambani. Watu wengine walikuwa wamelima pale zamani. Ningeweza kupunguza makali. Sikupunguza, kwa sababu nilijivunia ukalimani wangu, na hata sauti niliipandisha ili wa nyuma wasikie. Wenye ardhi walicheka. Kile kipande nacho hawakumpa tena.

Tulihamia upande wa Migori, karibu na Macalder. Huko Baba alipewa pori la kweli, akalifyeka kwa panga pamoja na uzee wake. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniumiza kuliko matusi.

Mahindi yalipochanua, nilimkuta bondeni kando ya kidimbwi. Alikuwa ameshika mbelewele za mahindi, anazikung'uta polepole juu ya maji, na unga wa manjano unatanda.

"Siku wenzako wakija na bomba lao," alisema bila kugeuka, "watajua nilikuwa hapa."

"Watajua, Baba," nilimjibu.

Kidimbwi kile hukauka kila kiangazi, ng'ombe wakapita katikati yake.